Safari ya theluji hutengenezwa nyumbani



Juma lililopita nilipokea barua ya kijana mmoja niliyemfundisha zamani kusoma na kuhesabu. Sasa yuko Ufaransa, mjini Grenoble, akijifunza ufundi wa umeme. Barua yake ilikuwa na habari mbili: ya kwanza ya kusikitisha, ya pili ya kufurahisha. Nilimwomba ruhusa ya kuzisimulia katika ukurasa huu, naye akakubali, mradi nisitaje jina lake. Wazazi wengi miongoni mwetu wana watoto ng'ambo. Na ninyi wanafunzi, huenda siku moja mmoja wenu akaambiwa na wenzake: «Jumamosi twende tukateleze kwenye theluji.» Heri ajue mapema neno hilo lina nini ndani yake.

Sisi wa mashariki ya Kongo theluji twaijua kwa macho tu. Asubuhi, mawingu yakifunguka, watu wa Beni na Mutwanga huweza kuuona weupe wa Ruwenzori, ambao kilele chake cha Margherita kina mita 5,109. Lakini kuiona theluji ni jambo moja, na kuikanyaga ni jambo jingine.

Mji wa Grenoble wakaa bondeni, mahali mito ya Isère na Drac inapokutana. Kimo chake ni mita 214 tu juu ya bahari. Pande zake tatu imesimama milima mikubwa: Chartreuse, Vercors na Belledonne. Mtu akitoka mlangoni mwake auona mlima mwisho wa njia, na saa moja baadaye aweza kuwa ndani ya theluji. Ndiyo sababu wenyeji wake ni wapenzi wa skii, yaani zile mbao mbili nyembamba zinazofungwa miguuni kwa kutelezea. Mwaka 1878 mtu mmoja wa Grenoble, Henri Duhamel, aliziona katika maonyesho makubwa ya Paris, akazinunua, akazijaribu katika mlima wa Chamrousse. Miaka ilipita kabla hajapata njia nzuri ya kuzifunga miguuni. Katika mlima huohuo, Februari 1968, Mfaransa Jean-Claude Killy alishinda medali tatu za dhahabu katika michezo ya Olimpiki. Yaonekana basi kwamba hata mbio za mabingwa zilianza kwa mtu mmoja aliyekubali kuanguka na kujifunza upya.

Kijana wetu hakukubali kujifunza. Mwaka jana, Jumamosi moja ya Februari, yeye na rafiki wawili waliamka wakasema: «Twende!» Hawakuuliza mtu, wala hawakutazama karatasi yoyote. Waliondoka mjini saa tatu ya asubuhi, wakakuta mstari wa magari usio na mwisho. Walifika karibu na saa sita, wakalipa tikiti ya siku nzima hali nusu ya siku imekwisha kupita. Yeye alivaa suruali ya pamba, ambayo ililowa mara moja. Mwalimu hawakumtaka, kwani, waliona, kuteleza kwahitaji mwalimu gani? Wakapanda kiti cha waya mpaka juu. Kule juu walikuta njia nyekundu na nyeusi tu, na ukungu ukashuka. Alianguka mara tisa. Mara ya kumi goti likapinda.

Waokoaji walimshusha taratibu kwa kitanda cha kuburuta. Walikuwa watu wapole. Lakini siku chache baadaye ilifika hati ya malipo, kwani huko Ufaransa uokoaji katika njia za skii hulipwa na yule aliyeokolewa, na gharama yaweza kufika mamia ya euro. Bima hakuwa nayo. Alitembea kwa fimbo majuma sita, akakosa mazoezi ya shule. Ikambidi amwandikie baba yake, na baba yake, hapa kwetu, akauza ng'ombe. Mzee yule hakutukana. Aliuliza neno moja tu: «Mtoto wangu alikwenda kusoma au kwenda kuanguka?»

Kijana aniandikia hivi: «Mwalimu, niliumia Jumamosi, lakini kosa nilikuwa nimelifanya tangu Jumatatu, kwa sababu tangu Jumatatu sikufanya lolote.» Mwaka huu alitaka kurudi mlimani, si kwa kiburi, bali ili hofu isimkalie moyoni. Safari hii aliitengeneza siku kwa siku. Tazameni jinsi alivyofanya.

Kwanza, alichagua siku. Shule za Ufaransa zimegawanywa katika kanda tatu, A, B na C, na kila ukanda una majuma mawili ya likizo ya Februari, kwa kupokezana. Majuma hayo yote milima hujaa watu. Tena, nyumba nyingi za wageni hupangishwa toka Jumamosi hata Jumamosi. Kwa hiyo siku hiyo wanaoondoka na wanaofika hukutana katika barabara moja nyembamba. Kijana alitazama kalenda, akachagua Jumamosi na Jumapili ya mwezi Januari, kabla ya likizo zote. Kwa shauri hilo moja tu aliokoa saa nyingi na fedha nyingi.

Pili, alichagua mahali panapolingana na nguvu zake. Rafiki mmoja alitaka waende Alpe d'Huez, mahali penye sifa, ambapo barabara hupanda kwa kona 21 na waya hupeleka watu hata mita 3,330 juu ya bahari. Lakini ni mwendo wa kilometa sitini na zaidi kutoka mjini, na gharama yake ni kubwa. Chamrousse ni karibu kilometa thelathini, na basi la abiria lafika huko. Wakakubaliana kwenda Chamrousse siku zote mbili na kurudi kulala mjini, katika vitanda vyao wenyewe. Anayekaa karibu na mlima ana bahati hiyo: hana haja ya kulipa chumba. Mgeni wa mbali hawezi.

Tatu, waliangalia njia. Tangu tarehe 1 Novemba 2021 sheria ya Ufaransa yaamuru kwamba katika sehemu za milimani zilizotajwa, kuanzia Novemba 1 hata Machi 31, kila gari liwe na matairi manne ya majira ya baridi, au lichukue minyororo ya kufunga magurudumuni. Mwenye gari katika kundi lao hakuwa na kimoja wala kingine. Basi gari likabaki nyumbani, wakakata tikiti za basi. Huko si kuonekana maskini, ni kuonekana na akili.

Nne, waliandika hesabu kwenye karatasi: nauli, kukodi skii na viatu vyake, tikiti ya waya, mwalimu, chakula, bima. Bima ya siku moja ni fedha kidogo sana mtu akiilinganisha na ng'ombe wa baba. Chakula walichukua kutoka nyumbani: mkate, mayai, chupa ya chai ya moto. Jumla ilipozidi uwezo wao, hawakufuta bima wala mwalimu. Walifuta chakula cha hotelini. Hapo nilimsifu mwanafunzi wangu, kwani watu wengi hukata kwanza kile wasichokiona.

Tano, mavazi. Kwa kila mita 1,000 za kupanda, hewa hupungua joto nyuzi sita au saba hivi. Kutoka Grenoble hata Chamrousse, penye mita 1,650, mtu huweza kukuta baridi imeongezeka nyuzi tisa. Lakini si kila siku, kwani wakati wa baridi pengine hewa nzito hulala bondeni pamoja na ukungu, na wale wa juu wakaota jua. Asiyejua hayo hudanganyika kwa kuchungulia dirishani tu. Pamba karibu na mwili haifai, kwa maana hushika jasho na maji; yafaa sufu au kitambaa kikaukacho upesi, na juu yake koti lisilopenya maji. Glavu, kofia ngumu, miwani ya giza ni lazima. Theluji mpya hurudisha sehemu kubwa ya mionzi ya jua, ikamchoma mtu usoni na machoni. Mtu mweusi asifikiri kwamba rangi yake yamwondolea hatari hiyo. Macho yetu huungua kama ya wengine.

Sita, mafundisho. Jumamosi asubuhi walimlipa mwalimu wa skii. Alianza kuwafundisha jinsi ya kuanguka na jinsi ya kuinuka. Halafu jinsi ya kukaribisha ncha za mbele za skii na kupanua nyuma, ili mwendo upungue. Akawaonyesha rangi za njia: kijani kwa wanaoanza, buluu kwa waliozoea kidogo, nyekundu kwa wenye ujuzi, nyeusi kwa hodari. Akawaambia na sheria iliyo mama wa zote: aliye juu ndiye mwenye wajibu wa kumwepuka aliye chini, kwa sababu aliye chini hana macho kisogoni. Jioni ile walishuka njia ya kijani yote bila kuanguka. Kijana asema alicheka peke yake kama mtoto.

Saba, na hili ndilo kubwa kuliko yote: habari ya theluji yenyewe. Wataalamu wa hali ya hewa wa Ufaransa hutoa kila siku jioni, wakati wa baridi, taarifa ya hatari ya maporomoko ya theluji kwa kila safu ya milima. Hatari hupewa namba, toka 1 hata 5. Watu husikia 3 wakafikiri ni katikati, yaani si mbaya. Wanakosea! Katika siku za namba 3 ndipo wengi hufa, kwa kuwa siku za 5 watu hukaa nyumbani. Tena, mara nyingi poromoko linalomzika mtu limeamshwa na uzito wa mtu huyohuyo au wa mwenzake. Aliyezikwa ana muda mfupi mno. Robo saa ikipita, tumaini la kumtoa mzima hupungua upesi.

Basi, Alhamisi usiku, wakiwa watatu mezani, walifanya patano: «Mmoja wetu akisema turudi, wote twarudi, wala hataulizwa sababu.»

Ijumaa usiku theluji nyingi ilianguka, na Jumamosi jioni taarifa ya Belledonne ilisema 3. Ndani ya njia zilizotiwa alama, walinzi hufanya kazi tangu alfajiri, nazo zikaonekana salama, hufunguliwa. Nje ya kamba hakuna mlinzi. Jumapili mchana, rafiki yule mpenda sifa aliona alama za skii za watu waliopita nje ya kamba, katika mteremko mweupe wa kupendeza. «Wenzetu wamepita,» akasema, «na sisi tupite.» Kijana wetu akaangalia, akasema: «Turudi.» Rafiki akakasirika. Lakini patano ni patano. Wakarudi kwenye njia ya kijani, na saa tisa wakashuka kwenye basi.

Mtafikiri, wasomaji, kwamba poromoko lilishuka mahali pale nyuma yao. La. Halikushuka kitu. Mteremko ulibaki mweupe na kimya hata jioni. Rafiki akamcheka: «Umeona? Umetunyima raha bure.» Naye kijana hakuwa na la kujibu, wakarudi mjini bila kusemezana.

Hapo ndipo barua yake iliponigusa. Busara mara nyingi haina ushahidi. Aliyeanguka aonyesha goti lake, na watu wote wasadiki. Aliyejizuia hana cha kuonyesha, ila kwamba yu mzima. Wazee wetu walisema: Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Lakini yule aliyesikia, guu lake zima halimpi sifa yoyote. Yampasa avumilie kuchekwa, na avumilie bila kinyongo. Ninyi vijana, jueni kwamba ushujaa huo ni mgumu kuliko kushuka njia nyeusi, wala hauhitaji theluji. Wamhitaji dereva anayesimamisha lori mbele ya daraja bovu, na mvuvi anayeacha mtumbwi pwani, ziwa likianza kubadilika rangi.

Jumanne iliyofuata, yule rafiki aligonga mlango akiwa na kuku wa kukaanga. Hakuomba msamaha, wala hakuombwa. Alisema tu: «Safari nyingine tutafanya patano lilelile.» Wakala pamoja.

Na mzee wake, nilipomsomea barua hii, alinyamaza kitambo, kisha akauliza bei ya ile bima. Nikamwambia. Akapiga hesabu kwa vidole, akacheka, akasema: «Basi mwaka huu ng'ombe wangu amelala zizini.»