Msitu Haupandwi

Kuna imani ambayo Watanzania tumeimeza nzima: kwamba mti uliokatwa hulipwa kwa mche uliopandwa. Tumeifanya kaulimbiu, kata mti panda mti. Wanafunzi wanaikariri, wanasiasa wanafungia nayo hotuba, kampuni zinaichapa kwenye fulana. Ni hesabu ya daftari la duka: kimetoka kimoja, kimeingia kimoja, mambo yako sawa. Mimi nasema hayako sawa, na imani hiyo ndiyo inayotuwezesha kupoteza misitu bila kushtuka.

Tuanze na hesabu yenyewe, maana hata kwa kipimo chake inashindwa. Kila halmashauri imewekewa lengo la kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka, na Tanzania Bara ina halmashauri 184. Ukipanda kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, hekta moja inameza miche kama 1,100. Kwa hiyo halmashauri zote zikitimiza lengo, na usife hata mche mmoja, tunapata karibu hekta 250,000. Sasa tazama upande wa pili. Makadirio ambayo serikali yenyewe iliyawasilisha Umoja wa Mataifa yanaonyesha kwamba kati ya 2002 na 2013 tulikuwa tunapoteza karibu hekta 470,000 za misitu kila mwaka. Hata ndoto ikitimia yote, hatufikii.

Na ndoto haitimii, kwa sababu miche inakufa. Siku ya Taifa ya Kupanda Miti ni Aprili 1. Dodoma, Singida, Tabora na Shinyanga, mwezi huo mvua inaaga. Mche unatolewa kwenye kiriba ukiwa na mizizi ya urefu wa kiganja, unapata unyevu wa wiki chache, kisha unaachiwa kiangazi hadi Novemba au Desemba. Mavuno yakiisha, mbuzi na ng'ombe wanafunguliwa mashambani. Pita pale Septemba uone kilichobaki: mashimo yaliyopangwa kwa mstari mzuri, vijiti vikavu, na plastiki za viriba zikipeperuka. Taarifa inayosomwa jukwaani huhesabu miche iliyopandwa. Iliyopona haina mgeni rasmi.

Lakini tuseme yote imepona. Bado hatujarudisha msitu.

Tathmini ya kitaifa ya rasilimali za misitu, NAFORMA, iliyotolewa mwaka 2015, ilipata hekta milioni 48.1 za misitu, zaidi ya nusu ya ardhi ya Tanzania Bara. Zaidi ya asilimia 90 yake si ile misitu minene ya kwenye kalenda. Ni mapori ya miti ya wastani, mengi yake miombo, yale unayoyapita kwa saa nzima ukienda Tabora, Katavi, Lindi au Ruvuma, na abiria mwenzako anakuambia hapa pori tupu. Katika pori hilo tupu kuna mninga, na nataka tuutazame kwa karibu. Mbegu yake imefungwa katikati ya tunda la duara lenye bawa pembeni na miiba kiunoni. Ikiota, inatoa shina dogo ambalo kiangazi kikija linakauka, au moto unalila. Mwaka unaofuata shina lingine, nalo linakufa. Inaweza kwenda hivyo hata miaka kumi, na muda wote huo mmea unafanya kazi chini, unanenepesha mzizi. Mzizi ukishatosha, shina linapanda juu kwa kasi kuupita urefu wa moto, na hapo ndipo mtu anasema kuna mti. Nionyeshe mpango wa upandaji wenye subira hiyo. Halafu nionyeshe kiriba kitakachobeba na uyoga ulioungana na mizizi ya miombo, ule wanaouokota akina mama mvua za kwanza zikinyesha, pamoja na nyuki wanaotoa asali ya Sikonge.

Milimani ndiko zaidi. Mwaka 2003 na 2004 watafiti walimkuta tumbili katika misitu ya Rungwe na Ndundulu ambaye sayansi haikumjua, ingawa wawindaji wa Rungwe walikuwa na jina lake siku zote: kipunji. Mwaka 2005 akatangazwa rasmi, na mwaka 2006 akapewa jenasi yake peke yake. Mnyama huyo haishi popote duniani isipokuwa Tanzania. Hakuna shamba la miti, liwe kubwa namna gani, litakalomzaa au kumtunza.

Tena kupanda kunaweza kuua. Amani, Usambara Mashariki, uliletwa mti wa msizi kutoka upande wa Ziwa Victoria. Unakua haraka, na hondohondo wanapenda matunda yake, wakila wanasambaza mbegu. Msitu wa asili ulipokatwa mbao na kuachwa na mapengo, msizi ukaingia kwenye kila pengo, na leo umekaa ndani ya msitu ambao una viumbe wasiopatikana kwingine. Wanaohifadhi Amani wamehangaika nao miaka na miaka. Kitulo nako, kwenye uwanda wa maua ambao wenyeji wanauita Bustani ya Mungu, hazina yenyewe ni nyasi na okidi. Mtu akipanda msitu Kitulo atakuwa ameiharibu hifadhi ya taifa.

Basi msitu unarudije? Nchi hii inayo majibu yake, na yaliyo makubwa kuliko yote yako Shinyanga. Wakoloni walifyeka miti ya Usukumani kwa maeneo makubwa ili kumfukuza mbung'o. Pamba ikafuata. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ikawahamisha watu mbali na ngitili zao, yale malisho ambayo familia au kijiji hufunga mvua zinapoanza na kufungua kiangazi kikikaza. Ardhi ikabaki uchi. Mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, na mwanzoni nao ulitegemea vitalu vya miche. Mabadiliko yalikuja uliporudi kwa wazee na kuuliza walikuwa wakifanyaje. Ngitili zikafungwa upya. Dagashida, baraza la kimila, likaweka adhabu, na sungusungu wakasimamia. Visiki na mizizi iliyokuwa imelala ardhini ikaamka yenyewe. Ngitili zilizoandikwa mwaka 1986 hazikufika hekta 1,000. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilipita hekta 300,000. Hakuna kitalu kilichowahi kufanya hivyo Tanzania.

Dodoma leo kuna wakulima wanaofanya jambo hilohilo wakiliita kisiki hai. Shambani kuna kisiki ambacho kila msimu kinatoa machipukizi mengi, na kila msimu jembe linayakata. Mkulima anachagua machipukizi machache yenye nguvu, anapogolea mengine, anafunga kitambaa kama alama ili mchungaji ajue, kisha anayalinda. Hakuna kumwagilia, kwa kuwa mzizi ulishafika kwenye maji kabla mkulima hajazaliwa. Hakuna lori la miche wala mgeni rasmi, na nadhani ndiyo sababu habari yake haisikiki sana.

Hapa lazima nikanushe jambo lingine linaloambatana na imani ya kata mti panda mti, kwamba adui wa msitu ni mchoma mkaa. Mti kukatwa na msitu kufa ni mambo mawili. Miombo ikikatwa na kuachwa inachipua. Inakufa pale visiki vinapong'olewa, shamba la mahindi, ufuta au tumbaku likakaa pale, moto ukapita kila mwaka na mifugo ikafuata. Kilosa, tangu 2012, vijiji kadhaa vimevuna mkaa kwa mpango: sehemu ndogo tu ya msitu wa kijiji inatengwa kwa mkaa, inagawanywa katika vipande vya mita 50 kwa 50, vinakatwa kwa kupishana, na kipande kilichokatwa kinapumzika miaka 24 visiki vikichipua. Ushuru unaingia mfuko wa kijiji, umejenga madarasa na zahanati. Msitu umesimama kwa sababu una mwenyewe, na mwenyewe anaona faida ya kutougeuza shamba.

Najua nitakachojibiwa: mbao za kupaulia na nguzo za umeme zitatoka wapi? Zitoke shamba la miti la Sao Hill, zitoke kwenye mashamba ya paini ya Mufindi, Njombe na Makete. Mkulima aliyepanda ekari zake za paini ili asomeshe watoto amefanya la maana, na mti wa kivuli shuleni nauunga mkono kabisa. Hayo ni mazao, kama kahawa na chai zilivyo mazao, na tuyahesabu kwenye kilimo. Ninachokataa ni kuyaingiza kwenye daftari la misitu ili kufidia miombo iliyofyekwa Kilwa au Mlele, au kupeleka mikaratusi kwenye chanzo cha maji na kuita uhifadhi.

Maana hapo ndipo madhara ya imani yenyewe yanapoonekana. Anayetaka kufyeka msitu wa asili anaahidi kupanda mara mbili, na ahadi hiyo inamfungulia mlango. Kiongozi anayeshindwa kuzuia uvamizi wa hifadhi anapiga picha na mche. Wakenya nao, ndugu zetu, wamejiwekea lengo la miti bilioni 15 ifikapo 2032, na Novemba 13, 2023 ikawa sikukuu ya kitaifa ya kupanda. Nia ni njema. Lakini lengo linalohesabu miche linaweza kutimia hata mwaka ambao msitu wa asili umepungua, na hilo linanitia hofu zaidi ya nia mbaya.

Fedha zinazonunua viriba ziende kijijini. Sheria ya Misitu ya 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wake, kuusimamia na kubaki na mapato ya mazao yake. Kinachokwama ni kupima mipaka, kuandaa mpango wa matumizi ya ardhi, kutathmini kiasi cha miti, na posho ya vijana wa doria wanaotembea kilomita nyingi wakiwa na panga na simu isiyo na salio. Vijiji vingi vimesubiri kazi hizo muda mrefu huku msitu ukimegwa pembeni, na mhamiaji mwenye trekta hasubiri mpimaji.

Serikali inaweza kuanza na agizo moja kwa wakurugenzi wa halmashauri. Kwenye taarifa ya mwaka, kabla ya idadi ya miche, iandikwe idadi ya hekta za msitu wa asili zilizokuwepo wilayani mwaka jana, zilizobaki mwaka huu, na zilizofungwa ili zichipue. Na mkurugenzi apimwe kwa safu hiyo.