Divai ya Nyumbani na Tiketi ya Mlanguzi

Imezuka hoja miongoni mwa wasomi wetu ambayo kila niisikiapo hunikereketa. Husemwa kwamba mtu akiisha kununua tiketi ya tamasha au ya mpira, tiketi ile ni mali yake kama kanzu yake: aweza kuitumia, aweza kuiuza, na bei ni ile atakayoikubali mwenye kuitaka. Anayelalamika kuwa kiti cha dola 60 kimeuzwa kwa dola 240 huambiwa kuwa hajasoma elimu ya uchumi. Nimekusudia kuipinga hoja hii, wala sitaipinga kwa machozi ya waliokosa kuingia, maana machozi si hoja. Nitamleta shahidi mmoja ambaye watetezi wa biashara ile hawajapata kumwita barazani, naye ni chupa ya divai iliyotengenezwa nyumbani.

Msomaji asiyekunywa asidhani kuwa namkaribisha mezani. Mimi mwenyewe situmii. Lakini sheria huweza kusomwa hata na mtu asiyeonja kitu kinachoamriwa na sheria ile, na sheria ya divai ya nyumbani ina mafunzo ambayo sheria ya tiketi haijayapata.

Nilipokuwa masomoni Marekani nilipanga chumba katika nyumba ya mzee mmoja ambaye wazazi wake walitoka Italia. Kila mwaka, mwezi wa Septemba ukikaribia kwisha, makasha ya zabibu nyeusi yaliletwa mlangoni, naye akayateremsha katika ghala iliyo chini ya nyumba. Huko alizisaga zabibu pamoja na maganda yake, akazitia katika pipa lililo wazi, akaongeza hamira kidogo, akafunika kwa kitambaa. Siku ya pili au ya tatu pipa lilianza kunong'ona. Maganda yalipanda juu yakafanya tabaka nene, na mzee alishuka asubuhi na jioni kuyadidimiza kwa mti, kwa kuwa tabaka lile likiachwa likauke huingia uchungu na kuwa siki. Baada ya wiki moja hivi alikamua, akaitia divai katika chupa kubwa za kioo, na katika mdomo wa kila chupa akachomeka kizibo chenye maji ndani yake, ambacho hutoa pumzi ya divai nje lakini hakiruhusu hewa ya nje kuingia. Kisha alingoja. Mara tatu au nne katika miezi iliyofuata aliihamisha divai kutoka chupa hata chupa, akiyaacha mashapo nyuma. Kazi hii ilichukua muda wa karibu mwaka mzima, na mzee hakuwa na msaidizi ila mgongo wake.

Mwenye duka la jirani alimjia siku moja akataka kununua chupa kumi na mbili. Mzee alikataa. Nilipomwuliza sababu alijibu kwa ufupi: "Hii ni ya kunywa." Nilidhani ni ukaidi wa uzee, hata nilipokuja kujua kuwa sheria ya nchi yake nayo husema vivyo hivyo. Nyumba yenye watu wazima wawili au zaidi inaruhusiwa kutengeneza galoni 200 za divai kwa mwaka bila ya kulipa ushuru, nayo yenye mtu mzima mmoja galoni 100, kwa sharti kwamba divai iwe ya matumizi ya mtu na jamaa zake, wala isiuzwe. Galoni 200 za Marekani ni lita 757, yaani chupa elfu moja za kawaida. Si kiasi cha mtu mwenye choyo! Sheria haikumbana mtengenezaji kwa wingi wa divai yake. Ilimbana kwa nia yake. Akitaka kuuza hata chupa moja, na atafute leseni.

Tofauti hii baina ya matumizi na biashara si ya jana. Sheria ya mwaka 1919 iliyopiga marufuku pombe katika nchi ile, marufuku iliyodumu tangu 1920 hata 1933, iliacha upenu kwa watu waliotengeneza maji ya matunda nyumbani kwa matumizi yao wenyewe. Hata katika ukali ule maji ya matunda hayo hayakuruhusiwa kuuzwa, ila kwa watengenezaji wa siki wenye kibali. Kwa upenu huo zabibu za California zilisafirishwa kwa magari moshi hata miji ya mashariki, na kila aliyekuwa na pipa alilitumia. Marufuku yenyewe ilianguka kwa aibu. Lakini kanuni ya kwamba cha nyumbani ni cha nyumbani ilibaki, na mwaka 1978 Rais Jimmy Carter alitia sahihi sheria iliyoitandaza kanuni hiyo hata kwa bia. Imedumu kwa sababu kila mtu huiona kuwa ni haki.

Sasa tuingie katika tiketi. Tiketi ni nini? Si kanzu wala si shamba. Ni ruhusa ya kuingia mahali fulani, usiku fulani, na kukaa katika kiti fulani. Usiku ule ukipita ni karatasi tupu, au siku hizi hata karatasi si karatasi, ni alama katika simu. Mlanguzi hakuitengeneza ruhusa ile. Hakusaga zabibu, hakukamua, hakungoja mwaka. Hakuimba, hakupiga ala, hakujenga jukwaa. Alilofanya ni kutangulia mlangoni, na huko kutangulia hakukuwa kwa miguu yake, bali kwa programu ya kompyuta inayoweza kusimama mahali pa watu mia katika muda ambao wewe na mimi bado tunaandika anwani zetu.

Tarehe 15 Novemba 2022 kampuni ya Ticketmaster ilifungua mauzo ya awali ya matamasha ya Taylor Swift. Watu milioni 3.5 walikuwa wamejiandikisha. Tiketi zaidi ya milioni 2 ziliuzwa siku ile, na bado mitambo ilielemewa, watu wakakaa katika foleni saa nyingi, na mauzo ya watu wote yaliyokuwa yafanywe siku tatu baadaye yakafutwa. Kampuni ilisema kuwa mitambo yake ilipokea maombi bilioni 3.5, na ikazilaumu programu za walanguzi. Mwezi wa Januari 2023 maseneta walikaa kuulizana jinsi mambo yalivyofika hapo. Swali hilo lilikuwa limechelewa, kwa kuwa sheria ya kuzikataza programu hizo ilikuwako tangu Desemba 2016. Kesi za kwanza chini yake zilifunguliwa Januari 2021, dhidi ya kampuni tatu za New York zilizodaiwa kununua makumi ya maelfu ya tiketi kwa hila. Miaka minne sheria ililala usingizi!

Basi na nimwulize mtetezi wa soko. Mzee wangu alifanya divai kwa zabibu alizozinunua na kwa mikono yake mwenyewe, katika nyumba yake, na hakuna aliyenyimwa divai kwa sababu yeye alitengeneza yake. Hata hivyo hakuruhusiwa kuuza chupa moja bila ya leseni, nawe huoni dhuluma katika jambo hilo. Ikiwa mali ya jasho huweza kuwekewa mpaka, seuze mali isiyo na jasho, ambayo kila inapoingia mkononi mwa mlanguzi hutoka mkononi mwa mtu aliyetaka kuingia? Ama ulegeze sheria ya divai, ama uache kuniambia kuwa mali ni mali.

Najua jibu litakalotolewa. Litasemwa kuwa bei ya kwanza ilikuwa ndogo mno, na kwamba mlanguzi huidhihirisha thamani ya kweli. Jibu hili lina sura ya elimu. Lakini mwimbaji aliyeamua kiti chake kiwe dola 60 hakufanya kosa la hesabu. Alitaka wanafunzi na vibarua nao waje. Mlanguzi huitengua nia ile, kisha tofauti ya dola 180 huitia mfukoni mwake, haimfikii mwimbaji wala mpiga ngoma wala mfagiaji wa ukumbi. Kama mwimbaji mwenyewe akipandisha bei, hayo ni magomvi mengine. Angalau yeye huimba. Hata hapo hutakiwa kusema kweli mapema. Tarehe 31 Agosti 2024, tiketi za Oasis zilipouzwa Uingereza, watu walisimama katika foleni ya mtandaoni wakitumaini tiketi ya kusimama ya paundi 148 hivi, wakafika mbele wakakuta paundi 355. Wengi walidhani kuwa mashine ilikuwa ikipandisha bei kila dakika. Uchunguzi wa serikali ulionyesha jambo jingine: tiketi zilikuwa na bei mbili tangu mwanzo, na ya pili ilifunguliwa ya kwanza ilipokwisha, bila ya wanunuzi kuambiwa wazi.

Nami nina shauri jingine, na hili ni la lugha, kwa hiyo wasomaji wa kurasa hizi wataniwia radhi nikikawia hapo. Makato yanayoongezwa juu ya bei ya tiketi mtandaoni tumeyaita kwa Kiswahili "ada ya huduma". Nani alitupa ruhusa ya kulitumia neno hilo hivyo? Ada katika desturi zetu ni malipo yanayojulikana na watu wote kabla ya shughuli kuanza, hupewa fundi, hupewa somo, hupewa mwenye ngoma, na kila anayepokea huonekana kwa macho alichokifanya. Ada ya siri si ada. Ukaguzi wa serikali ya Marekani wa mwaka 2018 ulikuta kuwa makato ya muuzaji wa kwanza yalikuwa wastani wa asilimia 27 ya bei ya tiketi, na ya wauzaji wa mara ya pili asilimia 31, na mara nyingi mnunuzi hakuyaona hata alipofika mwisho wa safari. Tangu Mei 2025 kanuni mpya huko inataka jumla yote itangazwe tangu mwanzo. Nashukuru, lakini mkato ulioangaziwa taa bado ni mkato. Mimi naomba tuuite "makato", na neno ada tuwarudishie wenyewe.

Wako pia wasemao kuwa ulanguzi ukikatazwa utahamia vichochoroni, nao hunitajia marufuku ya 1920. Mfano huo unawapinga wao. Kilichoanguka mwaka 1933 ni sheria iliyokataza kila kitu kwa kila mtu. Mimi siombi hayo. Mtu akiugua, au akifiwa, na ampe tiketi mwenziwe, au amwuzie kwa bei aliyonunulia. Kinachokatazwa ni kuifanya kuwa biashara. Wafaransa waliliweza hilo kwa sheria ya Machi 2012, inayomtia hatiani mtu auzaye tiketi kwa mazoea bila ya idhini ya mwenye tamasha. Angalia neno hilo, mazoea, jinsi linavyomwacha huru aliyeuguliwa. Ireland tangu 2021 imekataza kuuza kwa bei kubwa kuliko ile ya kwanza tiketi za matamasha na kumbi zilizotangazwa chini ya sheria hiyo. Uingereza, yenye wanauchumi wengi, imewakataza walanguzi wa tiketi za mpira tangu mwaka 1994, na mipira bado inachezwa na viwanja vinajaa.

Mwaka ule wa mwisho nyumbani kwa mzee nilinunua tiketi mbili za tamasha, kisha mtihani ukawekwa usiku ule ule. Mtandao uliniuliza mara moja kama nataka kuziuza, ukaniandikia na bei, mara tatu ya niliyotoa. Nilishuka ghalani nikamsimulia mzee. Alikuwa akihamisha divai, mrija mdomoni, hakuweza kujibu upesi. Alipoutoa aliniuliza kama mjukuu wake angeweza kuzichukua, na nilinunua kwa kiasi gani. Nikamtajia. Akafuta mikono, akahesabu fedha, akaniongezea na chupa moja, ambayo nilimpa mwenzangu wa chumba cha pili.