Punk ni ya nani? Ubishi wa miaka 50 unaogusa mpaka Kinshasa

Mwezi wa 4 mwaka 2026, albamu ya kwanza ya Ramones, kikundi cha New York, inatimiza miaka 50. Ni nyimbo 14, na zote pamoja hazifikishe dakika 30. Vijana wane walioicheza wote wamekwisha kufa, wa mwisho mwaka 2014. Lakini jina lao lingali linatembea dunia nzima juu ya tisheti nyeusi, hata ndani ya mitumba inayofika kwetu, na wengi wanaozivaa hawajasikia hata wimbo mumoja. Tisheti hiyo tu inatosha kuwasha moto kati ya washabiki. Mumoja atasema: huyu si mushabiki, huyu alinunua nguo. Mwingine atamujibu: na weye, nani alikupa kazi ya kulinda mulango?

Kwa musomaji ambaye muziki huu haujamufikia: punk ni rock iliyopunguzwa mpaka mifupa. Wimbo wa dakika mbili, gitaa yenye makelele, muimbaji anayepaaza sauti juu ya kukosa kazi, juu ya polisi, juu ya wakubwa wa inchi. Mwanzo wa mwaka 1977, kijarida kimoja cha washabiki kule Uingereza kilichora namna ya kuweka vidole kwa akori tatu za gitaa, kiisha kikawaambia wasomaji waende kuanzisha kikundi chao. Maana yake: usingojee kuwa fundi, usingojee ruhusa.

Sasa shida ni hii. Washabiki wanapobishana juu ya vikundi wanavyopenda, Sex Pistols ao The Clash, Ramones ao Green Day, wanatumia vipimo viwili bila kusema wanatumia kipi. Kimoja ni sauti: makelele, mbio, hasira. Kingine ni namna ya kufanya kazi: nani anaamua, nani analipa, nani ana rekodi. Mutu anaweza kushinda kwa kipimo kimoja na kuanguka kwa kingine, njo maana ubishi hauishi.

Angalia Sex Pistols. Kwa sauti, hakuna anayewakatalia. Mwaka 1977 redio ya taifa ya Uingereza, BBC, ilikataa kupiga wimbo wao juu ya Malkia, na wimbo ukapanda mpaka namba 2 ya mauzo. Kwa washabiki wao hiyo ni sheti ya kuzaliwa. Lakini wapinzani wanakumbusha kama kikundi hicho kilikusanywa kando ya duka la nguo la London, la Malcolm McLaren na Vivienne Westwood, na McLaren njo alikuwa mukubwa wao. Ndani ya miezi nane tu, kuanzia mwisho wa 1976, walitia sahihi kwa makampuni matatu. The Clash nao, mwezi wa 1 mwaka 1977, walisaini na CBS kwa paundi 100 000, na Mark Perry, kijana aliyechapa kijarida Sniffin' Glue, akatangaza kama siku ile punk ilikufa. Albamu yao ya kwanza ilikuwa haijatoka bado! Muziki ulizikwa mbele watu wengi wausikie.

Kesi iliyo wazi zaidi ni ile ya Berkeley, karibu na San Francisco. Kule kuna ukumbi mudogo, 924 Gilman Street, uliofunguliwa mwisho wa mwaka 1986 na unaoendeshwa na watu wa kujitolea. Kati ya kanuni zao: kikundi chenye kontra na kampuni kubwa ya rekodi hakipigi humu. Green Day walikomalia ndani ya ukumbi ule. Kiisha wakasaini na Reprise, ya kundi la Warner, wakatoa Dookie mwaka 1994, albamu iliyouza nakala zaidi ya milioni 10 kwa Marekani tu. Gilman ikawafungia mulango. Vijana walewale, nyimbo zilezile, gitaa ileile. Mpaka mwaka 2015 njo walipiga tena pale, kwa konseri ya kusaidia watu walioungulikiwa.

Wengi wanaona kanuni ile ni wivu wa watu wadogo. Mimi naona ni ukali wa kupita kiasi, ndiyo, lakini ni ukali wenye akili. Gilman haikuuliza gitaa inalia namna gani. Iliuliza nani ana kontra mukononi. Kati ya maswali yote ambayo washabiki wametupiana kwa miaka 50, hilo njo ninaloona lina uzito, sababu linaweza kujibiwa kwa karatasi, si kwa sikio.

Kipimo cha sauti na cha sura kimeacha watu wengi inje. Kule Detroit, ndugu watatu Weusi wa familia ya Hackney walikuwa na kikundi kinachoitwa Death. Walirekodi mwaka 1975, mbele ya albamu ya Ramones. Kampuni iliyowalipia stidio iliwaomba wabadili jina, David, mukubwa wao, akakataa, na mambo yakafia pale. Walichapa wenyewe nakala 500 za santuri ndogo. Albamu ilitoka mwaka 2009, David akiwa amekwisha kufa tangu 2000. Johannesburg, wakati wa ubaguzi wa rangi, National Wake walichanganya Weusi na Weupe jukwaani, na hilo peke yake lilikuwa vita na sheria ya inchi. Miaka yote ile, muulize mutu achore punk: atachora kijana Muzungu mwenye nywele za kusimama.

Na ni hapa neno linatufikia siye.

Mwaka 2004 nyumba ya rekodi Crammed Discs ya Ubelgiji ilitoa Congotronics, albamu ya Konono N°1 ya Kinshasa, iliyorekodiwa na Vincent Kenis. Mwaka uleule, The Ex, kikundi cha punk cha Uholanzi tangu 1979, kilitia ndani ya albamu yake Turn wimbo unaoitwa Theme from Konono. Magazeti ya muziki ya Ulaya na Marekani yakaanza: likembe hizi zenye umeme ni punk, ni rock ya majaribio, ni teknó. Tangu hapo mulango haujafungwa. Fulu Miziki, wanaopiga bomba za plastiki, vidumu na vyuma vya kuokota (jina lao kwa Lingala ni muziki wa takataka), wanatangazwa kwenye festivali kama punk ya mazingira. KOKOKO!, jina lenye sauti ya kupiga hodi, walitoa Fongola mwaka 2019 na Butu mwaka 2024, na neno punk halikosi wanapoandikwa.

Je, ni kweli? Kwa sikio la haraka, ndiyo. Makelele yako, vyombo vya kujitengenezea viko, hakuna aliyengoja ruhusa. Lakini tuangalie makelele yale yanatoka wapi. Mawangu Mingiedi, aliyeanzisha Konono miaka ya 1960, alitoka kwa Wazombo, upande wa mupaka na Angola. Alifika na muziki wa kwao ndani ya muji wenye kelele, na likembe ya kawaida haisikiki mutaani. Basi alitengeneza mikro kwa sumaku za vipande vya magari ya zamani, akapitisha sauti ndani ya vipaza sauti. Sauti ikatoka na mikwaruzo, nao wakajifunza kuitumia. Mufaransa mumoja aliwarekodi mwaka 1978, wakati London ilikuwa imejaa punk, na hakuna upande uliojua habari ya mwingine.

Tofauti iko pale. Kijana wa London aliweza kupata gitaa safi na amplifikata nzuri, akachagua uchafu. Mingiedi alikuwa anatafuta kusikika, kwa vitu vilivyokuwepo. Ukisema hivi viwili ni kitu kimoja, unageuza upungufu wa umeme na vyombo kuwa mutindo, kama vile watu wa Kinshasa walichagua umasikini sababu unapendeza kwenye picha. Mwanamuziki wa pale akipata kesho synthétiseur mupya na akaipiga safi, ataachwa kuwa punk? Hapo mushabiki wa Ulaya anapaswa kujibu kwa ukweli.

Na kama kipimo ni kukaidi wakubwa, mbona hawakuanza na wengine? Mwaka 1978 Franco, bwana wa TPOK Jazz, alitiwa gerezani juu ya nyimbo zilizohesabiwa kuwa za matusi. Mwaka 1977 Papa Wemba alianzisha Viva la Musica, na vijana wake wa Sape walivaa suti za Paris wakati Mobutu alikuwa ametaka wanaume wavae abacost bila kravati. Mbele yao, Zaïko Langa Langa, tangu mwisho wa 1969, vijana wa shule walitupa matarumbeta ya orkestra za wazee, wakaacha gitaa na ngoma zikimbie. Kutoa chombo ili muziki uende mbio, kuvaa ili kukatalia serikali, kufungwa juu ya wimbo: ukiandika maneno haya bila kutaja muji, mushabiki atasema ni London. Lakini hakuna aliyewaita punk, sababu gitaa zao ziko safi na watu wanacheza wakicheka. Ulaya ilikuwa inatafuta makelele, ikayapata kwa Konono. (Franco huyohuyo, mwaka 1984, aliimba kampeni ya Mobutu. Wale wanaotaka mashujaa bila doa wataumia tumbo kila upande.)

Kuna watu wetu wanaosema tulikatae neno lenyewe, ni jina la wageni. Siungane nao. Jina linalipa. Kikundi cha Kinshasa kinaishi kwa safari za Ulaya, na safari inaanza na barua ya festivali, kiisha visa. Mutu anayepanga festivali anatafuta kikundi cha kuweka fasi fulani kwenye programu. Ukiwa chini ya «muziki wa dunia», unashindana na bara zima kwa nafasi mbili ao tatu. Ukiwa chini ya punk ao elektroniki, unapata jukwaa la usiku, vijana, magazeti mengine. Ikiwa kikundi chenyewe kimelichukua neno na kinajua bei yake, nani atakikatalia?

Lakini basi tuchukue neno pamoja na swali la Gilman, si sauti peke yake. Kule Berkeley waliweza kuwa wakali sababu mulango mwingine ulikuwepo: nyumba ndogo za rekodi, vijarida, kumbi za jirani. Kinshasa, Lubumbashi ao Bukavu, kikundi kikikataa kontra ya inje, kinabaki na nini? Haki za watunzi zinapita kwa SOCODA, na malalamiko ya wanamuziki juu ya mugawo wa feza ni ya kila mwaka. Kwa hiyo kumuambia mwanamuziki wetu asisaini ili abaki safi ni mchezo wa watu wenye kushiba. Cha kumuambia ni asome: rekodi itakuwa ya nani baada ya miaka 10, nani ataandikwa mutunzi wa wimbo ambao baba yake aliupiga mbele yake, feza ya filamu ao tangazo ikija inagawanywa namna gani.

Albamu hizi ziko, nyingi zinasikika bure kwenye simu. Mushabiki anayetaka kubishana kama Konono ni punk kuliko Green Day anaweza kuanza na yale maandishi madogo: jina la mutunzi, jina la mwenye rekodi, mwaka.