Miti Ni Neema, Lakini Ichaguliwe

Kupanda miti mijini ni wajibu usiobishaniwa. Hata hivyo, wajibu huo hautimizwi kwa kuhesabu miche peke yake. Hatuna budi kuuliza ni mti gani unaopandwa, na unapandwa wapi.

Japani, nchi ya visiwa kama hivi vyetu, imelipata somo hilo kwa gharama kubwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili, milima iliyokatwa miti ilipandwa misugi na mihinoki kwa wingi ili taifa lipate mbao. Baadaye mbao za nje zikawa rahisi, miti ikaachwa ikakomaa, na upepo ukawa unaipeleka chavua yake hadi Tokyo. Mwaka 1964 madaktari waliutangaza mzio huo, wenye chafya, mafua na macho kuwasha. Leo wanaougua ni mamilioni, na mwaka 2023 Serikali ya huko ilipanga kupunguza misitu ya misugi kwa asilimia 20 hivi katika miaka 10.

Hali ya hewa nayo ina sehemu yake. Kiangazi kikiwa cha jua kali, chavua ya mwaka unaofuata huzidi. Siku kavu zenye upepo huitawanya. Moshi wa magari huongeza balaa. Utafiti uliotolewa mwaka 1987 katika eneo la Nikko ulionyesha kwamba wakazi wa kando ya barabara zenye misugi na magari mengi waliugua zaidi kuliko wale walioishi karibu na misitu ya misugi pasipo magari mengi.

Mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Mvinje, tuuonao kila mahali pwani, nao huchavushwa kwa upepo. Hatusemi mivinje ikatwe, kwani ufukweni inazuia mchanga na pepo. Tunasema isipangwe mistari kando ya shule, hospitali na barabara zenye msongamano wa magari. Huko ipandwe miembe na miarobaini, ambayo chavua yake hubebwa na wadudu.

Tunawashauri wahusika wa misitu, afya na manispaa wakae pamoja kabla miche haijagawiwa, na magari yanayofuka moshi yakaguliwe bila muhali. Mche ni mwepesi kupandwa leo; msitu wa miaka 60 si mwepesi kuondolewa.