Unajua Shuka, Mwenye Shuka Humjui

Wacha tuanze na mtihani mdogo. Weka Google kando.

Unaishi Kitengela, ama Isinya, ama Kajiado mjini. Ama hauishi huku lakini kila wikendi unapitia Namanga Road ukienda kukula nyama. Jibu haya: Wamaasai wa hapa Kitengela ni wa olosho gani? Jina Kajiado lilitoka kwa neno gani? Mzee akikusalimia "sopa", unajibu nini? Na hiyo barabara ya vumbi nyuma ya keja yenu, kabla ipewe namba ya ploti, ilikuwa njia ya nani?

Kimya. Sawa.

Sasa swali la pili: Mmaasai anakaa aje? Hapo mikono yote iko juu. Ni mrefu, ana shuka nyekundu na rungu, anaruka, anakunywa damu, anapenda ng'ombe kuliko bibi, analinda geti usiku. Umejibu haraka kama mtu aliyekula na yeye jana. Na hujawahi kuingia kwake hata kuomba maji.

Hiyo ndiyo kesi yangu leo. Sidhani kuna jamii Kenya inayotambulika haraka kama Wamaasai, na sidhani kuna inayoeleweka vibaya kama wao. Na usidhani ni kosa dogo la watu kutojua. Huku kutojua kuna wale kulikowalipa, na kuna wale kulikowagharimu mchanga wa kukanyaga.

Tuanze na walio mbali, ndio tusionekane tunajionea sisi tu.

Louis Vuitton waliweka mirabaraba ya shuka kwenye nguo zao za wanaume za mwaka 2012. Kuna kampuni iliuza viatu dunia nzima kwa jina MBT, na hiyo M ni ya Masai: ati ukivaa, utatembea kama Mmaasai anavyotembea peku. Kiatu cha kukufunza kutembea bila kiatu. Halafu kuna kile kitabu cha mama Mswisi, Corinne Hofmann, kilichotoka mwaka 1998, kikauza mamilioni na mwaka 2005 kikawa filamu. Kichwa chake kwa Kijerumani ni *Die weisse Massai*, yaani Mmaasai mweupe. Shida ni moja tu: mwanamume aliyeolewa naye alikuwa Msamburu, wa Barsaloi huko kaskazini. Ndiyo, Wasamburu wanaongea Kimaa, ni ndugu wa lugha. Lakini ni watu wengine, na jina lao wenyewe. Mamilioni ya wasomaji walifunga kitabu wakijua "wamejua Wamaasai", na hata jina kwenye jalada lilikuwa la jirani.

Cheka, lakini usicheke sana. Huyo mzungu yuko Ulaya. Wewe uko Yukos.

Maanake sisi tuliohamia huku ndio tungepaswa kujua. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu laki moja na nusu mjini Kitengela pekee. Wamaasai wa Kenya nzima, ukijumlisha kuanzia Narok mpaka Loitokitok, walikuwa kama milioni moja na laki mbili. Sisi ndio wengi mjini. Sisi ndio tuna maduka, boda, apatimenti za ghorofa sita. Na katika wingi wetu tumebeba neno moja tu la Kimaa: "ero".

Unajua ero ni neno la kumwita kijana? Si matusi likitumika pahali pake. Lakini wewe una miaka ishirini na moja, unapita getini kwenu, unamwambia mzee wa miaka sitini mwenye wajukuu, "ero, fungua." Umemwita mtoto kwa lugha yake, kwa ardhi yake, na unadhani umekuwa rafiki. Mzee anafungua tu. Adabu yake ndiyo inakufanya ufikirie umesema kitu cha maana.

Na zile skiti za TikTok. Mchekeshaji anavaa shuka ya sokoni, anaharibu Kiswahili, anasahau simu ni nini, watu wanakufa kicheko. Mnasema ni utani. Sawa, Kenya tunataniana wote, hata kabila langu linataniwa kila siku. Tofauti ni kwamba ukitaniwa wewe, kuna mambo mengine mia watu wanajua kukuhusu. Mmaasai utani ndio masomo yote ambayo wengi wenu mlipata.

Mtaniambia, "Si tulisoma *Blossoms of the Savannah* shule?" Mlisoma, kweli. Mlikariri dhamira na wahusika, mkaandika insha, mkauza kitabu kwa fomu thrii. Ni wangapi mlijua mwandishi wake, Henry ole Kulet, alikuwa Mmaasai wa Narok aliyekuwa anachapisha riwaya tangu 1971? Huyu mtu aliandika kuhusu ukeketaji na ndoa za lazima, akiwakosoa watu wake mwenyewe peupe, kwa miongo, hadi akafa mwaka 2021. Halafu wewe uko hapa na komenti yako, "hawa watu wanafaa kuamka." Waliamka kabla mamako azaliwe. Hukuwa unasikiliza.

Sasa tufike penye uchungu.

Kutoka mwanzo, mgeni akifika nchi ya Wamaasai huwa anafanya kosa lile lile: anaona nyasi, haoni nyumba, anasema hapa ni patupu.

Miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe karibu wote, ndui ikafuata, njaa ikamaliza waliobaki. Wazungu wa reli wakafika wakakuta nchi imenyamaza. Wakaandika ni tupu. Mwaka 1904 wakaandikiana mkataba na wazee, Olonana akiwemo: Wamaasai watoke Bonde la Ufa wapishe walowezi, nusu waende Laikipia, nusu waje huku kusini. Mkataba ukaahidi kudumu maadamu Wamaasai wapo. Ulidumu miaka saba. Mwaka 1911 wakaambiwa Laikipia nayo inatakiwa, hameni tena. Wakaenda kortini mwaka 1913, kina ole Njogo. Unajua korti ilisema nini? Kwamba Wamaasai ni kama taifa la kigeni, mkataba ni wa mataifa mawili, korti haina uwezo wa kuusikiza. Yaani walipohamishwa walikuwa raia wa kusukumwa tu. Walipodai haki wakageuka nchi ya ng'ambo.

Ukidhani hiyo ni historia ya bibi na babu, fungua simu yako sasa hivi. Angalia matangazo ya ploti. "Hamsini kwa mia, ardhi tambarare, tupu, haina shida, bei poa." Tupu! Neno ni lile lile, limebadilisha tu shati.

Haikuwa tupu. Nyasi ambayo haijaliwa Januari si nyasi iliyosahaulika, ni akiba. Kimaa wana neno olopololi: malisho yaliyofungwa karibu na boma kwa ajili ya ndama na wanyama wagonjwa, hasa kiangazi. Mgeni akipita hapo anaona uwanja umekaa bure. Mwenyewe anaona Agosti, anaona ada ya shule, anaona kama mtoto atapata maziwa. Ni kama niingie kwa M-Pesa yako, nikute elfu kumi hujatumia, niseme, "hizi pesa ni tupu," nijitumie.

Kitengela ilikuwa ranchi ya kikundi, chini ya ile sheria ya 1968 iliyowapa Wamaasai hati za pamoja. Mwaka 1988 ikakatwa vipande, kila mwanachama na chake. Wanachama walioandikwa walikuwa wanaume karibu wote, kwa hivyo mama na binti wengi hawakuulizwa. Mwenye ekari zake akabaki na kipande ambacho mvua ikikosa hakiwezi kulisha mifugo yake, na jirani yake ameweka ua. Ukame ukaja, karo ikaja, hospitali ikaja, na dalali alikuwa amekaa pale pale barabarani anangoja.

Kwa hivyo ukiniambia "si waliuza wenyewe," nakubali, wengi waliuza, na hati yako ni halali. Sikuambii uhame, hata kwetu tulinunua. Lakini hati inakuonyesha mpaka wa ploti tu. Haikufanyi ujue uko wapi. Na mtu kuuza kipande hakumaanishi ameuza jina, lugha, na haki ya kutochekwa akipita.

Tena unajua ni nani huwa analalamika sana mtandaoni? Yule anayepiga picha ng'ombe Mombasa Road wakati wa kiangazi. "Hawa Wamaasai wamejaza ng'ombe Nairobi, ushamba gani huu." Ndugu, jina Nairobi limetoka kwa Enkare Nairobi, maji baridi. Mifugo ilikunywa hapo kabla reli ifike mwaka 1899. Ng'ombe hajapotea mjini. Mji ndio ulijengwa kwa bomba lake la maji.

Ama lile jambo la simba. Juni 2012, simba sita waliuawa kwa mikuki hapa Kitengela baada ya kuvamia mifugo. Mtandao ukawaka: washenzi, wakatili. Mimi pia sipendi simba kufa. Lakini angalia ramani. Mbuga ya Nairobi, iliyofunguliwa 1946, ina ua pande zote isipokuwa kusini, upande wetu. Nyumbu na pundamilia walikuwa wanatoka hapo kila mvua, simba nyuma yao. Walipita kwa sababu wafugaji hawakuweka ua. Kuanzia mwaka 2000 kulikuwa hata na mradi wa kulipa familia dola nne kwa ekari kwa mwaka ziache ardhi wazi. Dola nne! Sisi tukaja na mawe, seng'enge na geti nyeusi. Simba akakosa njia, akapata zizi. Aliyeishi na simba miaka yote akaitwa mshenzi, na aliyeziba njia akaandika komenti ya kutetea wanyamapori akiwa sebuleni.

Na si Kenya pekee. Juni 2022, Loliondo, Tanzania, kilomita za mraba 1,500 za malisho ya Wamaasai zilipimwa na kuwekewa alama ziwe hifadhi. Watu wakaumizwa, wengine wakavuka mpaka kuja kutibiwa Kenya. Wiki hiyo hiyo, ukifungua tangazo lolote la safari, uso uliopo mbele ni wa nani? Picha inatakiwa sana. Mwenye picha anaombwa asogee kidogo.

"Lakini wao wenyewe wanavaa shuka wakipiga picha na watalii." Ndiyo. Hiyo ni kazi. Muuza duka akikuambia "karibu mteja" hujaenda kutangaza kwamba umeijua roho yake. Mtu akikuuzia kile umekuja kutafuta haimaanishi ndicho tu alicho nacho. Huyo aliyeruka na watalii Jumamosi, Jumatatu anaweza kuwa wakili wa kesi ya ardhi, ama mwalimu wa fizikia, ama muuguzi atakayekudunga sindano pale Kajiado.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo usiniambie ati haya ni mambo ya maprofesa. Ni mambo ya jirani. Majibu ya mtihani ni haya: hapa ni kwa Ilkaputiei. Kajiado ni Olkejuado, mto mrefu. "Sopa" inajibiwa "epa". Na kitovu cha huu mji kiliitwa Noonkopir kabla sisi tuzoee kusema Kite. Imekuchukua sekunde kumi kusoma. Kuna watu wameishi hapa miaka kumi na tano bila hizo sekunde.

Nataka mambo matatu tu. Moja, ukinunua ploti, uliza njia ya mifugo inapita wapi kabla ufundi aanze kuchimba shimo la nguzo, na uiache wazi. Mbili, mzee mwite mzee, mama mwite yeyo kama anavyoitwa na wanawe, na "ero" waachie wenyewe. Tatu, kabla uposti skiti ya shuka, jiulize kama unamjua Mmaasai mmoja kwa jina lake, na kazi yake, na mawazo yake. Kama humjui, humtanii. Unauza sura yake tu, kama wale wa viatu.

Sasa shuka kwenye komenti. Andika mtaa wako unaitwaje na jina hilo lina maana gani. Usigoogle. Toka nje, uliza jirani.