Mtaa wa Kulea Watoto Hutazamwa Saa Nne ya Asubuhi

Watu wengi wa Nairobi hutafuta nyumba siku ya Jumapili alasiri. Siku hiyo bwana hana kazi, bibi ametoka kanisani, watoto wamevaa nguo safi, na mwenye nyumba au wakala wake yupo mlangoni na funguo mkononi. Huhesabu vyumba, huufungua mfereji kuona kama maji yatoka, huuliza kodi, kisha hurudi mjini wamefurahi. Kwa watu ambao wote wawili huenda kazini, labda utafutaji wa namna hiyo watosha. Lakini kwa jamaa ambayo mmoja wao amekata shauri kuacha kazi ya mshahara akae nyumbani na watoto, Jumapili ni siku ya kudanganyika.

Sababu yake ni rahisi. Yule aendaye kazini huuona mtaa wake gizani. Huondoka saa kumi na moja alfajiri, hurudi saa mbili au saa tatu ya usiku. Kwake yeye nyumba ni mahali pa kulala, na jambo kubwa ni barabara. Yule abakiye ndiye akaaye katika mtaa. Yeye huuona saa nne ya asubuhi wakati wafanya kazi wamekwisha kwenda zao, huuona saa saba ya mchana jua likiwa kali, huuona mvua inyeshapo na mtoto ana homa. Basi yeye ndiye apaswaye kuuchagua, na saa ya kuutazama ni saa yake.

Jambo hili huwafikia watu upesi kuliko wadhanivyo. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 humpa mama aliyejifungua miezi 3 ya likizo yenye mshahara, na baba wiki 2. Miezi hiyo ikiisha, hesabu huanza: mshahara wa yaya, nauli, chakula cha mchana mjini, maziwa ya mtoto. Wako ambao wakiisha kuzijumlisha fedha hizo huona ya kuwa mshahara mzima wa mmoja wao waliwa na gharama za kumwezesha kwenda kuupata. Hapo huamua abaki. Kwa kawaida abakiye ni mama. Siku hizi wapo na akina baba, wale waliopoteza kazi, au wale ambao wake zao hupata mshahara mkubwa zaidi, na majirani wangefanya vema kuacha kuwacheka.

Mshahara ukiwa mmoja, jaribu huja mara moja. Kodi ya karibu na mji huonekana nzito, na huko nje, Kitengela, Ongata Rongai, Ruiru, Juja, Syokimau, nyumba ni kubwa na kodi ni nafuu. Tangu barabara ya Thika ilipopanuliwa, na stesheni ya gari la moshi ya Syokimau ilipofunguliwa mwaka 2012, watu wengi mno wamehamia pande hizo. Wengi wao hawakukosea. Mtu mwenye motakaa, au mwenye ndugu zake huko, aweza kustarehe kabisa. Shida ni ya yule ambaye motakaa hana, na ndugu hana, naye huachwa na watoto wawili wadogo kutoka alfajiri hata usiku.

Tuseme bwana mhasibu na mkewe aliyekuwa mwalimu, wenye mtoto wa miaka 3 na mwingine wa miezi 5, wanakwenda Kitengela, kama kilomita 30 kutoka katikati ya mji, kutazama nyumba ya vyumba vitatu. Bwana amekwisha kuipenda kabla hajaingia.

“Tazama, Mama Watoto,” asema, “vyumba vitatu, jiko la kigae, na nafasi ya kupanda sukuma wiki.”

“Nimeona, Baba Watoto. Duka liko wapi?”

“Liko barabarani. Kwa pikipiki si mbali.”

“Kwa hiyo chumvi ikiisha nitapanda pikipiki, mmoja mgongoni na mwingine mapajani?”

Bwana anyamaza kidogo. Kisha asema ya kuwa chumvi yaweza kununuliwa ya mwezi mzima. Bibi hamjibu kwa maneno makali. Amwomba jambo moja tu: wasitoe fedha ya amana siku ile, bali warudi siku ya Jumanne, saa nne ya asubuhi, kwa matatu, pamoja na watoto wote wawili.

Mtu yeyote awezaye kuomba ruhusa ya siku moja kazini yafaa afanye kama bibi huyu alivyotaka, kwa maana Jumanne huonyesha yale ambayo Jumapili huyaficha. Malango yamefungwa. Njiani hapana mtu ila mlinzi mzee na mbwa wake. Watoto wengine wako shuleni, na wale wadogo wamefungiwa ndani na yaya wakitazama televisheni. Kutoka kituo cha matatu hadi mlangoni ni mwendo wa nusu saa kwa miguu ya mtoto wa miaka 3, naye hubebwa nusu ya safari. Ardhi ya sehemu nyingi za huko ni ule udongo mweusi wa mfinyanzi: wakati wa kiangazi hupasuka nyufa, na wakati wa masika hushika kiatu kama gundi. Mawe yaliyopangwa kando ya njia, ambayo siku ya Jumapili yalionekana kama pambo, kumbe ni daraja la kuvukia matope. Mahali palipo chini hapana budi kuulizwa habari zake za mwezi Aprili na Mei mwaka 2024, wakati mafuriko yalipoingia katika nyumba za watu Mathare, Athi River na kwingineko. Wakala hatayasema hayo. Mwuza mboga wa pale kando ya njia atayasema yote bila kuulizwa mara ya pili.

Kisha liko jambo la maji, nalo lataka maneno mengi kidogo, kwa sababu wazazi wengi hulijua wakati meno ya mtoto yamekwisha kuharibika. Nyumba nyingi za nje ya mji hupata maji ya visima virefu vilivyochimbwa kwa mashine. Maji hayo ni safi machoni, tena baridi, lakini katika sehemu nyingi za Nairobi na Kajiado yana madini ya floridi kupita kiasi. Kiasi ambacho Shirika la Afya Duniani lashauri kisipitwe ni miligramu 1.5 katika lita moja. Mtoto akinywa maji yaliyozidi kiasi hicho katika miaka yake ya kwanza, meno yake ya ukubwani huharibika yangali ndani ya ufizi, nayo hutoka yenye madoa ya rangi ya kahawia ambayo hakuna mswaki utakaoyaondoa. Kuyachemsha maji hakusaidii. Hufukuza vijidudu, lakini floridi hubaki, tena huzidi kidogo maji yapunguapo sufuriani. Mtu mzima ambaye meno yake yamekwisha kukomaa hatapata madoa hayo, na ndiyo sababu bwana aweza kuyanywa miezi mingi asione neno. Basi kabla ya kulipa, mtu na aulize maji yatoka wapi na kama yamepimwa. Yakiwa ya kisima, afadhali mtoto apewe ya mvua yaliyokingwa vizuri na kuchemshwa.

Mfereji wa jiji nao una taabu zake. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka katika bwawa la Ndakaini, huko Murang'a, lililomalizika mwaka 1994, na mji umekua kuliko bwawa. Maji hugawanywa kwa zamu, mtaa huu siku hii, mtaa ule siku ile. Abakiye nyumbani ndiye atakayeyangoja na mitungi yake, na mtaa upatao maji usiku wa manane tu si mtaa wa mtu mwenye mtoto mchanga.

Mtu aweza kuuliza, je, ni mji upi basi uliojengwa kwa ajili ya watoto? Nairobi haukuwa mji wa namna hiyo. Ulianza kama kambi ya reli mwaka 1899, na kwa miaka mingi nyumba zilizojengwa kwa Waafrika zilikuwa za mwanamume peke yake: kitanda, ukuta, na jiko la pamoja. Mke na watoto walidhaniwa kuwa mahali pao ni mashambani. Ilikuwa katika miaka ya 1940 ndipo mtaa wa Kaloleni ulipojengwa, nao ulikuwa miongoni mwa mitaa ya kwanza iliyofikiriwa kwa Mwafrika mwenye jamaa. Nyumba zake ni za chini, zimezunguka viwanja vya majani, na katikati pamewekwa jumba la mikutano, shule na maduka.

Fikira hiyo haikuzaliwa hapa. Mmarekani mmoja, Clarence Perry, aliandika mwaka 1929 ya kuwa mtaa mwema upimwe kwa miguu ya mtoto. Shule iwe katikati. Barabara kubwa zipite kandokando wala zisikate ndani. Na kutoka katikati hata ukingoni pasizidi robo maili, yaani kama mita 400. Fikira hiyo iliingia hata katika mpango mkuu wa mji wa Nairobi uliochapishwa mwaka 1948. Mengi ya mpango ule hayakutimizwa, lakini kipimo cha Perry chaweza kutumiwa na mtu yeyote asiye na kalamu wala ramani. Amshike mtoto mkono, aende naye polepole kutoka mlangoni, na kuona kama aweza kulifikia duka, shule ya chekechea, zahanati na mahali pa kuchezea bila kuvuka barabara kama ile ya Thika au ya Mombasa. Mtoto huanza darasa la awali akiwa na miaka 4. Basi la shule ni gharama nyingine juu ya mshahara ule ule mmoja.

Kwa kipimo hiki mitaa ya zamani ya Eastlands, ambayo wengi huidharau kwa sababu rangi yake imechujuka, huishinda mingi ya mipya. Buruburu ulijengwa kwa awamu tano kuanzia miaka ya 1970, na nyumba zake nyingi zimepangwa katika vijia visivyopenya upande wa pili. Gari lisilo na shughuli pale halina sababu ya kuingia. Mtoto hucheza mpira mbele ya mlango, na mama watano humwona wakati mmoja, mmoja wao akiwa anaanika nguo. Hilo ndilo jambo ambalo nyumba ya pekee katikati ya ploti tupu haiwezi kuliuza kwa bei yoyote.

Walakini isemwe kweli yote. Wapangaji na wenye nyumba wa Buruburu wamejenga vyumba vya nyongeza mpaka nyua zimekwisha, matatu hupiga muziki wa kupasua masikio, na baa zimesogelea nyumba za watu. Kaloleni mitaro yake imezeeka, mabanda ya mabati yamejaa kando ya nyumba, na nyumba zenyewe ni mali ya jiji, hazipatikani kwa kila apitaye. Tena serikali ya jiji imekuwa na mpango wa kubomoa baadhi ya mitaa ya zamani ili kujenga maghorofa, na mpangaji mwenye busara huuliza habari hizo kabla hajapaka rangi.

Liko jambo moja ambalo bwana mwema aweza kuishi nalo miaka 3 asilitambue, nalo ni upweke. Bibi aliyekuwa mwalimu alizoea kusikia jina lake likitajwa mara mia kwa siku. Akihamishiwa mahali ambapo kutoka alfajiri hata usiku hasikii sauti ya mtu mzima isipokuwa redio, hupungua kidogo kidogo, na bwana arudipo amechoka husema, “Mbona umenuna, nawe umeshinda nyumbani?” Ugomvi mwingi huanzia hapo, na watu husingizia fedha. Kodi ilipungua kweli, lakini hakuna aliyeihesabu nauli ya kwenda mjini kumwona dada au rafiki, wala saa 4 ambazo bwana humaliza barabarani kila siku, saa ambazo angaliweza kumpakata mtoto mama akapumzika.

Wale wawili nao waliweka hesabu yao mezani jioni ile ile ya Jumanne. Nyumba ya Kitengela ilikuwa na vyumba vitatu. Ile waliyoonyeshwa Buruburu, iliyo katika kijia cha ndani, ilikuwa na viwili, jiko jembamba, na kodi iliyozidi kidogo. Bwana alitoa nauli yake ya mwezi upande mmoja, akatoa ya pikipiki na ya basi la shule upande wa pili, akakaa kimya, kisha akauliza vitanda vya watoto vitawekwa wapi.

“Kimoja juu ya kingine,” bibi alisema. “Fundi yupo pale kwenye kona. Nimemwona leo mchana.”

Walihamia mwisho wa mwezi. Kabati kubwa halikupita mlangoni, likauzwa. Kabla ya vyombo kufunguliwa, jirani wa mkono wa kulia alikuwa amekwisha kuja na chupa ya chai, na swali la kwanza la bibi lilikuwa ni siku gani za juma mfereji hutoa maji.