Waliofuatana ziwa
Kibondo msimu wa kupanda hauna simile. Mvua zikishika kuanzia Oktoba, mama anaingia shambani na jembe, maharage kwenye kikapu, kichanga mgongoni. Na huyu mwenye mwaka na nusu, aliyeachishwa ziwa juzi kumpisha mdogo wake, anabaki na dada. Huyo dada ana miaka minane. Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wanashauri miezi 24 ipite tangu kujifungua kabla ya kushika mimba nyingine, na kliniki zetu zinalisema hilo kila uchao. Wanaambiwa kina mama, kana kwamba waume hawahusiki! Sheria ya Ajira ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Mkulima wa muhogo likizo yake anaijua mama mkwe. Sikatai kwamba waliofuatana wana raha yao: wanaoga beseni moja, wanagombea kijiko kimoja, na ole wako mtoto wa jirani umguse mmoja wao. Lakini bili ya raha hiyo analipa yule wa miaka minane. Ada ya shule za msingi za serikali iliondolewa zamani, daftari analo, sare anayo, ila saa mbili asubuhi bado anambembeleza mtu mgongoni. Kaka yake mkubwa, mwenye mgongo mpana zaidi, ameshafika darasani.